Rola ya povu kwa mapaja yaliyokaza baada ya mbio fupi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Jibu kwanza, maelezo baadaye. Rola ni gogo la povu la kujiviringishia misuli. Rola ngumu isiyo na meno, yenye urefu wa sentimita 30 hadi 45 na kipenyo cha sentimita 13 hadi 15, inamfaa kila anayeanza mbio fupi. Itapunguza maumivu ya mapaja na kulegeza goti na nyonga kwa muda wa kutosha kumfikisha mtu kazini au kumwanzisha mazoezi mepesi. Rola nyeupe ya povu laini ni pesa iliyotupwa. Ile yenye meno makubwa ingoje mpaka mapaja yazoee. Hakuna hata moja inayoponya msuli, na muuzaji anayesema rola yake "inatoa asidi miguuni" anarudia jambo lisilo la kweli.

Ni vizuri kujua rola inapambana na nini. Mtu asiyezoea akitimua mita 60 mara nane kwa nguvu zake zote Jumamosi asubuhi, kwenye nyasi za Makerere jijini Kampala au kule uwanja wa Namboole, Jumamosi jioni hana neno. Jumapili anaamka mapaja yamekaza. Jumatatu ndiyo shughuli yenyewe: kushuka kwenye teksi anashikilia mlango kwa mikono miwili, kuchuchumaa chooni ni mtihani, na ngazi za kushuka zinamuuma kuliko za kupanda. Maumivu ya aina hii huanza saa 12 hadi 24 baada ya mazoezi, hufika kilele kati ya saa 24 na 72, kisha hupungua na kuisha ndani ya siku tano hadi saba.

Hizo ngazi za kushuka zinaeleza mengi. Kinachoumiza ni msuli kulazimika kurefuka huku umekaza, kama kamba inayovutwa na mtu asiyetaka kuiachia. Unaposhuka ngazi, misuli ya mbele ya paja inafanya hivyo hivyo ili usianguke. Katika mbio fupi hufanya hivyo kila mguu unapotua, na zaidi sana unapofunga breki baada ya mstari wa mwisho. Ya nyuma ya paja hupata mzigo wake mguu ukiwa bado hewani: unarushwa mbele kwa kasi, na misuli hiyo ndiyo inayouzuia kabla ya kukanyaga. Nyuzi ndogo ndogo zinaharibika, paja linavimba kidogo kwa ndani, mishipa ya fahamu inakuwa mikali. Asidi inayosingiziwa, ile ya laktiki, huwa imeshaondoka misulini ndani ya takriban saa moja baada ya mazoezi, kwa hiyo haiwezi kuwa ndiyo inayouma siku ya pili.

Ndiyo maana hata mkimbiaji wa masafa marefu haepuki. Siku hizi Uganda inasifika kwa wakimbiaji wa mbio ndefu kutoka Sebei, mashariki mwa nchi, na ushauri mwingi unaosikika viwanjani umetokana na mbio hizo. Watu wanasahau kwamba dhahabu ya kwanza ya nchi hii katika Olimpiki, ya John Akii-Bua mjini Munich mwaka 1972, ilikuwa ya mita 400 kuruka viunzi, kwa sekunde 47.82. Anayekimbia kilomita 10 kila wiki kwenye vilima vya Kampala bila shida bado atashindwa kuinama Jumatatu akijaribu mita 60 za kasi kamili, kwa sababu mapaja yake hayajawahi kubeba mzigo wa namna hiyo.

Sasa tuje dukani. Utakutana na aina tatu. Ya kwanza ni ya povu laini, mara nyingi nyeupe au bluu. Ibonyeze kwa kidole gumba: shimo likibaki kwa sekunde kadhaa, irudishe. Likilaliwa na mtu wa kilo 70 povu hilo hubonyea, na baada ya miezi michache ya matumizi rola inakuwa na umbo la yai. Ya pili imetengenezwa kwa chembechembe zilizobanwa pamoja, kwa kawaida nyeusi, na ukiitazama kwa karibu utaziona kama punje. Ni nyepesi, ngumu, na haipotezi umbo haraka. Udhaifu wake ni kingo, ambazo humeguka ikiangushwa mara kwa mara. Kwa anayeanza, hii ndiyo tunayoipa alama ya juu. Ya tatu ina bomba gumu la plastiki ndani na ngozi ya povu nje, mara nyingi yenye michoro ya miraba. Inadumu kuliko zote kama gundi yake ni nzuri. Kabla hujalipa, shika bomba kwa mkono mmoja na ngozi kwa mkono wa pili, kisha zisokote kama unayekamua nguo. Ngozi ikiteleza hata kidogo juu ya bomba, hiyo itazunguka yenyewe wiki ya pili huku wewe umebaki palepale.

Jaribio jingine ni la sakafuni: isukume iviringike mita mbili juu ya sakafu tambarare. Ikiyumba au kukata kona, haikunyooka, na utasikia kila mzunguko kwenye paja. Bei ya kitu kilekile hutofautiana sana kati ya duka la kwenye jengo kubwa na kibanda cha mtaani, kwa hiyo usilipie rangi wala nembo. Lipia ugumu na unyoofu. Urefu wa sentimita 30 unatosha paja moja moja, 45 unabeba yote mawili. Ya sentimita 90 ni nzuri kwa mgongo lakini haiongezi chochote kwa mapaja, na kuipakia kwenye bodaboda ni taabu. Ukishaifikisha nyumbani usiiache juani wala ndani ya gari lililofungwa mchana kutwa, maana povu hujikunja kwa joto na halirudi.

Matumizi. Misuli ya mbele ya paja ndiyo rola inayoihudumia vizuri zaidi. Lala kifudifudi, egemea viwiko, weka rola chini ya mapaja juu kidogo ya goti. Jisukume polepole, sentimita tatu hivi kwa sekunde, mpaka karibu na nyonga, kisha urudi. Kwa paja la kawaida safari moja ni sekunde 12 au 13, kwa hiyo dakika moja haizidi safari tano. Anayepita mara ishirini kwa dakika anajisugua ngozi tu. Ukifika mahali panapouma zaidi, simama, kunja goti polepole na ulinyooshe mara nne au tano huku rola imetulia, halafu endelea. Dakika moja kwa kila paja, pumzika, rudia mara moja. Maumivu yasizidi 5 au 6 kati ya 10. Kipimo rahisi ni pumzi: ukijikuta umeibana, umezidisha. Hamisha uzito kwenye viwiko na mguu wa pili.

Misuli ya nyuma ya paja ni habari nyingine, na hapa rola inapoteza alama. Ukikaa sakafuni na kuiweka chini ya paja, uzito mwingi unakwenda kwenye mikono na makalio, na paja linapata mguso mdogo tu. Kuweka mguu mmoja juu ya mwingine kunasaidia kidogo. Kinachofanya kazi vizuri zaidi ni mpira wa tenisi na benchi la mbao: kaa, weka mpira chini ya paja katikati, egemea mbele, kisha nyoosha goti na ulikunje polepole mara kumi. Sogeza mpira sentimita tatu na urudie. Usiuweke kwenye uvungu wa nyuma ya goti, ambako mishipa ya damu na ya fahamu iko karibu na ngozi. Usiukandamize pia kwenye mfupa wa kukalia kama ndipo panapouma. Pale kuna kano inayoshika misuli ya nyuma ya paja, na kuibana kunaichokoza zaidi.

Upande wa nje wa paja wengi huupiga rola kwa nguvu wakidhani wanaurefusha. Kuna utando mgumu pale usiorefuka kwa kubonyezwa. Uache.

Nafuu inadumu muda gani? Kulegea kwa viungo huwa ni dakika 10 hadi 30, na maumivu hupungua kwa kiasi, hayaishi. Inavyoonekana, mbonyezo unatuliza mishipa ya fahamu kuliko unavyobadilisha msuli wenyewe. Kwa sababu hiyo wakati bora wa kuitumia ni kabla ya kutembea au kupasha mwili moto: rola dakika nane, kisha toka mara moja ukatembee dakika 20. Anayejiviringisha saa mbili usiku na kulala ameitumia nafuu yake kitandani.

Kwa asiyetaka kununua, rola ya nyumbani inashindana na ya dukani, na kwa uimara inazishinda nyingi. Omba duka la vifaa vya ujenzi likukatie sentimita 40 za paipu ya maji taka ya inchi 4, ile yenye kuta nene na kipenyo cha milimita 110. Kingo zipigwe msasa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Peke yake kipenyo chake ni kidogo na ni kali kwa paja, kwa hiyo ivalishe mkeka wa mazoezi wa milimita 8: kata kipande cha upana wa sentimita 36 na urefu wa sentimita 80, ukizungushe kwa kukaza. Urefu huo unatoa mizunguko miwili, na kipenyo kinafika karibu milimita 142, sawa na rola za dukani. Pakaa gundi ya mpira pande zote mbili, ngoja ikauke kidogo mpaka isishike kidole, ndipo ubandike. Juu yake fundi wa bodaboda anaweza kukupa vipande vya tyubu iliyotoboka uvivalishe miishoni kama mikanda, ili mkeka usifunguke. Kosa la kawaida ni paipu nyembamba ya bei rahisi, inayopasuka chini ya mtu mzito. Ikanyage dukani kwa mguu mmoja: ikibonyea, omba nyingine.

Je, vitu vingine vinavyouzwa kwa shida hii? Dawa za kuchua zenye mentholi na harufu kali zinampa mtu ubaridi au moto wa ngozi unaofunika maumivu kwa muda. Hakuna ubaya, mradi ujue hazifiki kwenye uharibifu wenyewe. Usizipake kwenye kidonda, usifunge paja kwa nailoni juu yake wala kuongeza maji ya moto, maana ngozi inaungua. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama wafarini, asizipake bila kumwuliza daktari, kwa kuwa nyingi zina kemikali ya jamii ya aspirini inayopenya ngozini.

Maji ya barafu yanapunguza maumivu kiasi, lakini hesabu yake watu hawaifanyi. Yanatakiwa yawe nyuzi 10 hadi 15 kwa dakika 10 hadi 15, na mapaja yazame. Beseni la lita 100 lenye maji ya nyuzi 24 linahitaji zaidi ya kilo 10 za barafu kushuka hadi 14. Vikaveera (mifuko ya plastiki) vitatu vya barafu havitoshi; vitakupa maji ya kuogea yenye ubaridi kidogo. Kwa anayejenga misuli, kuzoea maji hayo kila baada ya mazoezi ya uzito kunapunguza ukuaji wake, kwa hiyo yawe ya siku za mashindano yanayofuatana.

Mkandaji mzuri anaishinda rola, hasa nyuma ya paja. Mwambie mapema kwamba misuli imechoka kwa mazoezi. Anayekandamiza kwa viwiko siku ya pili anaongeza jeraha. Bunduki za kukandia zinazouzwa vibandani nyingi hutikisa ngozi tu. Uliza kichwa chake kinasogea milimita ngapi: chini ya 10, paja nene halitahisi kitu. Kunyoosha misuli kwa kuishikilia, kabla au baada, hakupunguzi maumivu haya kwa kiwango cha maana.

Kuhusu vidonge vya maumivu tunasisitiza. Diklofenaki na ibuprofeni zinapatikana kirahisi mno katika maduka ya dawa, na watu wanazimeza kabla ya kukimbia ili wasisikie. Kukimbia ukiwa na kiu na dawa hizo tumboni kunatesa figo, vidonda vya tumbo vinaamka, na maumivu ambayo yangekuonya kwamba msuli unakaribia kuchanika yamezimwa.

Chakula kina sehemu yake, ingawa hakifuti maumivu. Gramu 20 hadi 30 za protini kwenye mlo baada ya mazoezi zinatosha: roleksi (chapati iliyoviringishiwa mayai) ya mayai mawili na kikombe cha maharagwe yaliyopikwa vinafika hapo. Mukene, yaani dagaa, ni nzuri pia, na bei yake ni nafuu.

Lakini rola bora kuliko zote haishindani na kipimo sahihi cha mazoezi. Mwili una zawadi yake: ukishapata dozi moja ya mzigo huu, hata ndogo, dozi ya pili inauma kidogo kuliko ya kwanza, pengine nusu yake au chini ya hapo, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Kwa hiyo wiki ya kwanza iwe ndogo kwa makusudi. Pasha mwili dakika 10 kwa kukimbia polepole na kurusha miguu, kisha mita 40 mara nne hadi sita kwa asilimia 70 ya kasi yako, mapumziko dakika mbili au tatu kati yake. Acha saa 48 hadi 72 kabla ya kurudia. Wiki ya pili asilimia 80, ya tatu 90. Anza kwa mwinuko mdogo, kwa sababu ukipanda mguu haurushwi mbali na misuli ya nyuma ya paja inapumua. Kampala haikosi vilima, ila rudi chini kwa kutembea: kushuka mbio ndiko kunakomaliza mapaja ya mbele. Pia chagua mahali penye mita 30 za kupunguza kasi baada ya mstari. Anayefanyia mazoezi uwanja wa netiboli au kichochoro chenye ukuta mwishoni anafunga breki kila mara, halafu analaumu mbio.

Kuna hali ambazo rola isiguse paja kabisa. Maumivu yaliyokuja ghafla katikati ya hatua, upande mmoja, mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole, huo ni msuli uliochanika. Teke la mpira wa miguu lililoacha uvimbe pia usilikande siku za mwanzo, maana damu iliyovilia ndani inaweza kugeuka mfupa. Mguu mmoja uliovimba na kupata joto bila sababu uende kliniki. Mkojo wenye rangi ya soda nyeusi, mapaja yamevimba na nguvu zimeisha, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa misuli inavunjika na kuziba figo. Anayebeba selimundu bila kuugua, na Uganda ni zaidi ya mtu 1 kati ya 10, ana hatari zaidi ya hilo akikimbia kwa pupa kwenye joto bila maji. Aongeze mapumziko kati ya mbio na asiaibike kusimama. Na mwili mzima ukiuma pamoja na homa, usisingizie mazoezi. Pima malaria.

Kabla ya kurudi kwenye kasi, jipime hivi: shuka ngazi kumi bila kushika ukuta, chuchumaa mpaka chini na uinuke, kisha ruka kwa mguu mmoja mara kumi kila upande. Maumivu yakiwa 3 kati ya 10 au chini, na yanapungua kadiri unavyopata joto, kimbia. Yakiongezeka kwenye mbio ya pili, shika viatu mkononi urudi nyumbani.